Mji Usiokohoa

Haikuwa zamani na haikuwa mbali. Nchi yenyewe sitaitaja jina, kwanza kwa heshima, pili kwa sheria, maana siku hizi raia haruhusiwi kulitaja jina la nchi akiwa amekunja uso, na mimi uso wangu ndivyo ulivyoumbwa. Itoshe kusema kwamba katika nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Kwashangwe, nami ni mzaliwa wa hapo, na mji wetu ulishinda Nishani ya Utulivu mara nyingi hadi miji mingine ikaacha kushindana.

Utulivu wetu ulianza na kikohozi. Miaka ya nyuma tulikuwa na tabia mbaya. Kiongozi akisimama jukwaani akasema maji ya bomba yako njiani, mtu mmoja huko nyuma anakohoa. Akisema barabara imekamilika, uwanja mzima unakohoa. Hatukutukana mtu wala hatukubeba mabango. Tulikohoa tu, lakini kikohozi chenyewe kilikuwa kinaeleweka.

Ndipo Mheshimiwa Mlezi wa Mji, Bwana Ngwali Kirungu, alipoanzisha Kampeni ya Kutokomeza Kikohozi. Alituita uwanjani akasema kwa uchungu mkubwa, "Ndugu zangu, taifa linalokohoa haliwezi kusikia!" Tukampigia makofi. Kesho yake kila nyumba ikaletewa chupa ya shurubati, bure kabisa, na kijiko chenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu.

Shurubati ilikuwa tamu. Jina lake rasmi lilikuwa refu kuliko chupa yenyewe, kwa hiyo watu wakaiita *pole*, kwa sababu ukiinywa unajisikia kama mtu amekuja kukupa pole kwa mambo yote yaliyokupata tangu uzaliwe. Nani asiyetaka kupewa pole? Kikohozi kikaisha. Na kilipoisha, tukaendelea kunywa ili kisirudi.

Baadaye Mheshimiwa akatuelimisha kwamba kitu cha bure hakina heshima. Anayetaka pole alete chochote kuonyesha uzalendo: mbuzi, mabati, kiwanja. Tukaleta. Muda si mrefu Mheshimiwa akawa anatutunzia karibu mashamba yote ya mji, na sisi tukawa tunalala. Tulilala vibarazani, tukalala sokoni juu ya mafungu ya nyanya. Aliyelala kando ya barabara hakuitwa mlevi, maana neno hilo lilikuwa limeondolewa katika matumizi ya serikali. Aliitwa mpumzikaji. Na mpumzikaji aliyeshindwa kuamka aliitwa mpumzikaji wa kudumu.

Kazi ya kuwatangaza wapumzikaji wa kudumu ilikuwa ya Bi Mwanahija Kibwete.

Huyu Mwanahija alikuwa mtangazaji wa vifo katika Redio ya Mji. Kila asubuhi, wimbo wa taifa ukiisha, sauti yake nzito inaingia majumbani: "Kwa utulivu mkubwa, familia ya fulani inatangaza kupumzika kwa mpendwa wao." Zamani alikuwa anasema "kwa masikitiko makubwa," akaonywa kwamba masikitiko ni aina ya kikohozi. Akabadilisha. Hakuwa shujaa. Alikuwa mbishi, mdaku, na siri ilimkaa mdomoni kama kaa la moto. Mumewe alimwacha kwa sababu alikuwa anampekua mifuko hata suruali ikiwa bado mwilini. Na chini ya meza ya studio, karibu na mguu wake wa kushoto, haikukosekana chupa ya pole.

Asubuhi moja akaketi kama kawaida, akanywa kidogo, wimbo ukaisha, akaanza kusoma. Alisoma kupumzika kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Kisha akasoma, kwa sauti ileile laini, "Kwa utulivu mkubwa, Bibi Sapina anatangaza kupumzika kwa mumewe, kinyozi Mabruki Kibwete, akiwa kazini." Akaendelea na tangazo la tatu, la mbuzi aliyepotea. Akaweka muziki.

Muziki ulikuwa umefika katikati ndipo akili yake ikamfikia. Mabruki Kibwete alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Alimlea mwenyewe mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Na sasa alikuwa ametangaza kifo chake bila sauti kutikisika, akapita kwenda kwa mbuzi. Mwanahija akautazama mkono wake ulioshika kipaza sauti, akauona kama mkono wa mtu mwingine. Akazima muziki.

"Huyo kinyozi ni ndugu yangu," akasema hewani. "Hakupumzika. Ameuawa na chupa. Na mimi ninayo hapa chini ya meza."

Mkuu wa redio, Bwana Tembele, akaingia studio bila viatu.

"Bi Mwanahija! Umesema 'ameuawa' watu wakiwa wanakunywa chai!"

"Nimesema kilichotokea."

"Hiyo ndiyo kazi ya redio? Nenda nyumbani. Na hiyo chupa iache, ni mali ya ofisi."

Akafukuzwa kazi.

Mazishi yalifana. Mheshimiwa Kirungu alihudhuria akiwa na viti vyake na kivuli chake, nikiwa na maana ya mtu anayemshikia mwavuli. Akahutubia: "Mabruki alikuwa kinyozi. Alipunguza nywele, lakini hakupunguza upendo. Ametangulia mbele, pale ambapo sote tuna miadi, ila wengine wana miadi ya mapema." Kisha wafiwa wakagawiwa pole, chupa kwa kila mkeka, ili wasikohoe msibani.

Sapina, mjane, aliipokea chupa yake kwa mikono miwili, akamshukuru Mheshimiwa, akaimwaga palepale mbele ya viatu vya mkubwa huyo. Sapina hakuwahi kunywa pole. Alisema vitu vitamu vinamuuma jino. Kwa hilo jino moja bovu alikuwa mtu mzima pekee katika mtaa wake aliyekuwa macho wakati wote, na majirani hawakumpenda kwa ajili hiyo.

Watu walipotawanyika, akamvuta Mwanahija nyuma ya nyumba.

"Wifi, tangu nilipoolewa hapa wewe ni mtu wa kuuliza. Uliniuliza hata nalala upande gani wa kitanda. Sasa uliza neno la maana. Mdogo wako alikunywa nini? Watu wanakunywa kila siku hawafi kwa mpigo, yeye na watu wengine wa mtaa huu wamekufa wiki moja. Nani kaibadilisha?"

"Nitauliza, wifi."

"Uulize ukiwa na macho makavu."

Mwanahija akaahidi, akaenda kwake, akanywa.

Kituo cha polisi walimpokea vizuri. Inspekta alimweleza kwamba Kwashangwe hakuna uhalifu, kwa kuwa uhalifu unavuruga utulivu. Kama anataka kuchunguza, ni haki yake ya kikatiba, aombe kibali. Na kibali hutolewa mara tu uchunguzi unapokamilika. Alipouliza chupa zinatoka wapi, inspekta alikuwa amelala, kofia ikiwa juu ya pua.

Ndipo akaenda zahanati kwa Bwana Lukindo, mfamasia, mtu mwembamba ambaye mji mzima ulimwita daktari kwa kukosa daktari. Lukindo alimsikiliza, akafunga mlango.

"Dada Mwanahija, dawa ya kikohozi ni sukari na limau na vikorokoro vidogo. Humu wametia dawa ya maumivu. Ile kali, ya hospitali ya wilaya, ya watu wanaopasuliwa."

"Na hao wanaopasuliwa wanapewa nini?"

"Kwaya."

"Unasema?"

"Kwaya ya akina mama. Wanasimama upande wa kichwani, wanaimba nyimbo za ushujaa. Mgonjwa akipiga kelele, wanapandisha sauti. Juzi mwanamke katolewa mtoto kwa beti nne na kiitikio."

Mwanahija akakaa juu ya kreti. "Inachanganyiwa wapi?"

"Kile kiwanda cha sabuni kilichokufa. Mchanganyaji ni mke wa Mheshimiwa mwenyewe, kwa mwiko."

"Anapimaje?"

"Anapima kwa hasira. Akigombana na mumewe, mkono unakuwa mzito. Wiki aliyokufa Mabruki, Mheshimiwa alikuwa halali nyumbani."

Mdogo wake Mwanahija alikuwa amekufa kwa wivu wa mke wa mtu mwingine, na wala hakuwa amealikwa kwenye ugomvi huo.

"Utasema mbele ya watu?" akamwuliza.

Lukindo akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Nina mke, nina watoto. Lakini kila asubuhi nikiwasha redio nasikia majina ya watu niliowapimia presha. Waziri wa Utulivu anakuja kutoa nishani. Siku hiyo nipeleke mbele, nitasema. Mpaka siku hiyo jina langu lisitoke mdomoni mwako."

"Halitoki."

"Dada, unakunywa."

"Kidogo tu. Halitoki."

Sasa, sisi tunaoipenda serikali yetu tunajua kwamba haina ubaya na mtu. Mheshimiwa Kirungu aliposikia kuna mwanamke anayechunguza, hakumkamata. Alimwalika chakula cha mchana.

Sebule yake ilikuwa imejaa uzalendo wetu. Vyerehani vilikuwepo, redio, milango iliyong'olewa na fremu zake, na ukutani vioo vya kinyozi vya Mabruki, vimepangwa vizuri hivi kwamba Mwanahija alijiona mara nyingi kabla hajaketi. Alikuwa hajaonja kitu tangu alfajiri, kwa kukusudia, na vidole vyake vilikuwa vinacheza.

"Mwanangu!" Mheshimiwa akamkaribisha. "Nasikia unachunguza. Vizuri sana! Hata mimi nachunguza. Kwa nini tusichunguze pamoja?" Akammiminia pole katika glasi ya kioo.

Mwanahija akasema, "Ahsante, sinywi."

"Situmii nguvu," akasema Mheshimiwa, akaiacha glasi pale mezani, karibu na mkono wake, akaanza kuzungumza habari za mvua.

Alizungumza mvua, akazungumza bei ya saruji, akamsifu marehemu Mabruki kwa mkono wake mwepesi. Harufu tamu ikawa inapanda kutoka kwenye glasi. Mwanahija akajiambia kwamba mchunguzi hodari hunywa kidogo ili aaminiwe. Akanywa kidogo ili aaminiwe. Akanywa tena ili asitiliwe shaka. Baada ya hapo machozi yakaanza kumtoka, na Mheshimiwa alikuwa anamfuta kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kama baba.

"Nani amekutia uchungu wote huu, mwanangu?"

"Lukindo," akalia Mwanahija. "Lukindo anajua yote. Muulize Lukindo."

Akalala palepale juu ya zulia. Aliamshwa na mfagizi aliyekuwa anafagia akimzunguka.

Lukindo hakudhurika, msije mkafikiri vibaya. Alipewa uhamisho. Alihamishiwa kituo cha afya ambacho kilikuwa hakijajengwa, katika wilaya ambayo ilikuwa haijaamuliwa. Gari la halmashauri lilimfuata mchana kweupe, likamchukua yeye na begi lake. Jioni gari likarudi na begi. Dereva akaeleza kwamba begi lilikataa uhamisho.

Mkewe, Bi Mashavu, alikutana na Mwanahija njia ya sokoni. Hakupaza sauti.

"Nilimwambia mume wangu, huyo mwanamke mdomo wake una tundu. Akanijibu, mwache, amefiwa, atakuwa na uchungu. Kumbe uchungu wako unabadilishwa kwa glasi."

Akatema mate mbele ya miguu ya Mwanahija, akapita.

Mwanahija alitembea mpaka kwa wifi yake. Alimkuta anafua, akasimama mbele ya beseni.

"Wifi, nifungie."

"Wapi?"

"Stoo. Weka komeo kwa nje."

Sapina akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi. Habari za Lukindo alikuwa ameshazisikia, na alikuwa amekusudia kutomsemesha mwanamke huyu maisha. "Nikikufungia sifungui," akasema.

"Usifungue."

Yaliyofuata mtaa mzima uliyasikia. Alitapika, akatetemeka, akaugonga mlango kwa kichwa. Alimtukana Sapina matusi ambayo hata madereva wa malori huyanong'ona. Akamwambia yeye ndiye aliyemuua Mabruki kwa ubahili wa mapenzi. Akaapa, akabembeleza, akaomba japo kijiko alambe. Sapina alimsukumia uji kwa chini ya mlango kwenye sahani ya bati, na hakufungua. Majirani walilalamika kwa mjumbe kwamba kuna mtu anawakosesha usingizi. Hilo lilikuwa kosa kubwa kwetu, lakini mjumbe mwenyewe hakuamka kulishughulikia.

Alipotoka alikuwa amekonda kama njiti, macho makubwa, na kila sauti ilimuumiza. Lakini alikumbuka kila kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu mbaya kuliko zote.

Waziri wa Utulivu akaja. Uwanja ulijaa watu waliopangwa safu safu, kila safu ikiegemea safu ya nyuma yake. Redio ilirusha sherehe nchi nzima. Bwana Tembele ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akasimama na kipaza sauti, akaanza, "Mheshimiwa Waziri, kwa heshima na taa..." Neno *taadhima* halikufika mwisho. Akakunjika polepole, akalala kwenye zulia jekundu. Walinzi walikuwa wamelala zamani. Waziri peke yake na wasaidizi wake ndio waliokuwa macho, maana wao walitoka mji mkuu, ambako wanakunywa vitu vingine.

Mwanahija akapanda jukwaani, akaokota kipaza sauti. Wasaidizi wa Waziri walidhani ni sehemu ya ratiba.

"Kwa masikitiko makubwa," akasema.

Maneno hayo yalikuwa hayajasikika hewani kwa miaka. Vichwa vikainuka.

"Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha Mabruki Kibwete, kinyozi, aliyetoa kiti chake cha kazi na vioo vyake akapewa chupa. Vioo viko sebuleni kwa Mheshimiwa Kirungu. Natangaza kifo cha Tausi, muuza maandazi, aliyetoa kiwanja cha watoto wake. Natangaza kifo cha fundi Gwasa, aliyelala kisimani." Akawataja mmoja mmoja, kwa kichwa, kwa ile sauti nzito, na hapa na pale uwanjani mtu aliyesikia jina la mtu wa kwake alianza kujikongoja kusimama. Akataja kiwanda cha sabuni, na mwiko, na mkono wa mke wa Mheshimiwa. Akataja kwaya ya hospitali. Hapo tulidhani amemaliza.

"Natangaza kwamba mfamasia Lukindo alitaka kuwaambia haya yeye mwenyewe. Aliyemtaja kwa Mheshimiwa ni mimi, Mwanahija, nikiwa nimelewa. Nimelewa. Neno hilo lipo."

Waziri alikuwa mwanasiasa mzoefu. Akasimama, akampa Mwanahija mkono, akatwaa kipaza sauti.

"Wananchi! Serikali imeshtuka. Imeshtuka kwa utaratibu, kwa kufuata ngazi zote. Serikali haiwezi kuvumilia jambo ambalo limeshasikika redioni. Kuanzia sasa kiwanda kimefungwa, na Bwana Kirungu anaondolewa hapa mara moja, bila huruma, kwenda kuwa Mshauri Mkuu wa Taifa wa Mapambano Dhidi ya Pole. Nani anaijua pole kumshinda yeye?"

Tukapiga makofi. Nishani akatuachia.

Kiwanda kikafungwa kweli, na hapo ndipo balaa likaanza, maana hakuna aliyetuambia kwamba kuamka kunauma. Mji mzima ulitetemeka kama debe kwenye lori. Watu walitapika barazani, wakafungua macho, wakaona. Waliona mashamba yao yana ua wa mtu mwingine. Waliona watoto wamekuwa warefu bila wao kujua. Mwanamume mmoja alizunguka nyumba kwa nyumba akimtafuta mkewe, hadi alipoonyeshwa kaburi, akaambiwa yeye mwenyewe ndiye aliyelichimba.

Wakatafuta wa kumlaumu. Nyumba ya Mheshimiwa ilikuwa na mbwa na walinzi wapya walioletwa kutoka mbali, wenye macho. Kwa hiyo wakaenda kwa Sapina.

"Turudishie usingizi wetu!" wakapiga kelele. "Nani alikutuma?" Mawe yakavunja dirisha, yakavunja mtungi wa maji, yakampata Mwanahija juu ya jicho. Mimi sikurusha. Mikono ilikuwa inatetemeka mno. Mwanahija alisimama mlangoni, damu ikimtiririka shavuni, akiwaangalia watu aliokuwa akiyajua majina yao yote. Hakuomba radhi wala hakukimbia. Sapina ndiye aliyemvuta ndani kwa nguvu.

Kabla mvua hazijaanza, kiwanda kilifunguliwa upya, na baraka zote za Mshauri Mkuu. Kilichotoka humo hakikuwa pole. Serikali ilisisitiza sana jambo hilo. Rangi yake ilikuwa nyekundu zaidi na iliitwa *samahani*. Chupa ya kwanza ilikuwa bure. Watu walipanga foleni tangu kwenye daraja, na utulivu ukarudi, na mimi kama raia mwema nina wajibu wa kufurahi.

Siku moja asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mlangoni kwa Sapina pakabishwa hodi. Mwanahija akafungua akiwa na fimbo mkononi, maana waliobisha siku hizo hawakuwa wageni. Alikuwa Bi Mashavu. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, na jasho linamtoka.

"Sikuja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Nikipata nguvu nitakuja kukuvunjia hilo dirisha lililobaki."

"Vunja."

"Hajarudi. Nimeenda wilayani, nimeenda mkoani. Wananiambia faili lake limehamishwa pia."

Mwanahija akaiegemeza fimbo ukutani.

"Nilianza kunywa baada ya lile begi kurudi," Mashavu akaendelea. "Nilisema nipate usingizi usiku mmoja. Jana mwanangu mdogo aliniita, 'Mama, nina njaa.' Nilimsikia. Nilimsikia kabisa, nikashindwa kufumbua macho. Akaniita mpaka akachoka." Akaishika nguzo kwa nguvu zaidi. "Wewe ulifanyaje ukatoka? Niambie upesi kabla sijabadili nia."

"Sina ujuzi. Nilifungiwa tu."

"Basi nifungie."

Sapina alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akatoka akijifunga kanga, akampita Mashavu bila neno, akashika njia ya nyumbani kwa Lukindo kwenda kuwachukua watoto. Mwanahija akafagia stoo, akatandika gunia na shuka, akaweka ndoo. Mashavu akaingia bila kumtazama. Komeo likapita.

Haikuchukua muda. Matusi yalianza kwa sauti ndogo, kisha yakapanda mpaka barabarani. Alimwita Mwanahija muuaji. Alimwita mbwa wa Kirungu. Alilitaja jina la mumewe tena na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, na kila mara akimwuliza mtu wa nje ya mlango amempeleka wapi. Wapita njia walisimama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kwenye foleni.

Mwanahija alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, kila pigo la ngumi likimpata katikati ya mabega.

"Nakusikia," akasema. "Endelea."